Uwiano wa utegemezi wa wilaya au kata yako, sensa hadi sensa: mwongozo kamili kwa Nyanda za Juu Kusini

Majedwali yanayonifikia kutoka Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe yana kasoro inayofanana. Mwandishi amechukua namba za sensa mbili, amegawanya vizuri, amepata uwiano wa utegemezi wa kila mwaka wa sensa (watoto na wazee kwa kila watu 100 wa umri wa kufanya kazi), kisha ameandika chini yake kwamba "mzigo wa utegemezi umepungua" au "umeongezeka". Kugawanya kuko sawa. Kilichoharibika kiko kabla ya hesabu na baada yake: eneo si lile lile, makundi ya umri si yale yale, na sababu iliyoandikwa haikuchunguzwa.

Kasoro hii inaumiza watu. Kata inayodhani watoto wamepungua huacha kudai madarasa. Kata inayodhani ina vijana wengi hupanga mradi wa vijana kwenye kijiji ambacho vijana wake wako Kariakoo wanauza nguo. Kwa hiyo twende taratibu, hatua kwa hatua.

Mwongozo ni kwa mtendaji wa kata, afisa mipango, mwanafunzi wa chuo, mwalimu wa jiografia, na yeyote anayetaka kulielewa eneo lake. Hisabati inayohitajika ni kujumlisha, kugawanya na kuzidisha.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Majedwali ya umri na jinsi. Tanzania imefanya sensa mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Ripoti za karibuni ziko kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS). Za zamani ulizia ofisi ya takwimu ya mkoa au maktaba ya chuo. Chukua jedwali lenye makundi ya miaka mitano mitano, na la mwaka mmoja mmoja kama lipo, maana utalihitaji kwenye hatua ya 4 na ya 7.

Orodha ya mipaka. Andika ni wilaya, halmashauri na kata zipi zilikuwepo mwaka wa kila sensa, na ipi imezaliwa kutoka ipi. Watu wengi hawana karatasi hii, na ndiyo inayowaangusha.

Daftari la wakazi la kijiji au mtaa, kama unafanya kazi ngazi ya chini. Utalitumia kuelewa tu. Usilichanganye na sensa. Sababu iko mbele.

Kikokotoo au Excel, na daftari la kuandika kila uamuzi. Ukiamua kuunganisha kata mbili, andika. Baada ya mwezi utakuwa umesahau kwa nini ulifanya hivyo.

Onyo la mwanzo: kama huna jedwali la umri la kata yako kwa sensa zote mbili, panda ngazi ya wilaya. Usichukue asilimia za mkoa ukazipachika kwenye jumla ya watu wa kata. Utapata namba inayopendeza macho, lakini itakuwa ni uwiano wa mkoa uliovishwa jina la kata.

## Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja

Mfano: "Kati ya 2012 na 2022, idadi ya watoto na wazee kwa kila watu 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 64 wilayani Makete imebadilika kiasi gani, na kwa nini?"

Sentensi hiyo imebeba eneo, miaka, umri, na deni la kueleza sababu. Umefaulu ikiwa mtu mwingine akiisoma anajua akatafute jedwali gani bila kukuuliza.

## Hatua ya 2: Funga mipaka ya eneo

Hapa tumia muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote. Kusini kwetu mipaka imekatwa mara nyingi, na kila mkato unaacha mtego.

Chukua Iringa. Kwenye sensa ya 2002 mkoa ulikuwa na watu karibu milioni 1.5. Mwaka 2012 jedwali linaonyesha Iringa ina watu 941,238. Asiyejua ataandika kwamba Iringa imepoteza zaidi ya watu nusu milioni. Hakuna aliyepotea: mwaka 2012 mkoa wa Njombe ulitengwa, na wenyewe ulihesabiwa kuwa na watu 702,097. Ukijumlisha, Iringa ya zamani ilikuwa na watu 1,643,335.

Mbeya ni vilevile. Sensa ya 2012 iliihesabu kuwa na watu 2,707,410, na ya 2022 ikaihesabu 2,343,754. Katikati, mwaka 2016, ulizaliwa mkoa wa Songwe, ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu 1,344,687. Mbeya ya zamani kwa mipaka yake ile ilikuwa na watu 3,688,441 mwaka huo wa 2022.

Mgawanyo haubadilishi jumla peke yake, unabadilisha umri pia. Songwe iliondoka na Mbozi, Momba, Ileje, wilaya ya Songwe iliyokatwa kutoka Chunya, na mpaka wa Tunduma wenye vijana wa biashara. Mbeya ilibaki na Jiji lenye vyuo, Rungwe, Kyela, Mbarali na sehemu iliyobaki ya Chunya. Ukilinganisha uwiano wa Mbeya ya 2012 na Mbeya ya 2022 kama ulivyo, unalinganisha watu tofauti.

Fanya hivi:

1. Chagua mipaka ya mwaka mmoja itakayotumika kwa miaka yote. Mara nyingi mipaka ya zamani ndiyo rahisi, kwa sababu kuunganisha vipande vipya ni kujumlisha tu. Kuukata mkoa wa zamani kwa mipaka mipya kunahitaji takwimu za kila wilaya.
2. Jumlisha idadi za watu za kila kundi la umri, kipande kwa kipande. Usichukue uwiano wa Mbeya na uwiano wa Songwe ukagawa kwa mbili. Mikoa hiyo haina watu sawa, na wastani wa namna hiyo unautendea mkoa mdogo kama mkubwa.
3. Shuka hadi halmashauri. Kilolo ilitoka Iringa Vijijini, Wanging'ombe ilitoka Njombe, Momba ilitoka Mbozi, Busokelo ilitoka Rungwe, na Mji wa Mafinga umetoka Mufindi. Kata nazo zimezaana. Mzee wa kijiji au diwani wa zamani atakueleza kitongoji kipi kilihamia kata ipi haraka kuliko karatasi yoyote ya ofisini.

Umefaulu ikiwa jumla ya watu wa eneo lako kwa sensa zote inapanda au kushuka bila kuruka ghafla. Ikiruka, rudi kwenye mipaka kabla hujaanza kutafuta sababu nyingine.

Kazi hii inalipa hapo hapo, kabla hata ya kugusa umri. Iringa na Njombe kwa pamoja ziliongezeka kwa karibu asilimia 10 tu kati ya 2002 na 2012, wakati Tanzania ilitoka watu milioni 34.4 hadi milioni 44.9, ongezeko la karibu asilimia 30. Pengo la namna hiyo haliletwi na uzazi peke yake. Tayari una swali la kulipeleka hatua ya 7.

## Hatua ya 3: Funga makundi ya umri

Uwiano wa utegemezi unaotumika sana duniani una makundi matatu: miaka 0 hadi 14, miaka 15 hadi 64, na miaka 65 na kuendelea. Ripoti nyingi za hapa nyumbani lakini zinahesabu wazee kuanzia miaka 60, kwa sababu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia umri huo, na mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na 60. Nyingine zinahesabu watoto hadi 17, kwa sababu sheria inamwita mtoto aliye chini ya miaka 18.

Makundi yote hayo yana kazi yake. Kosa ni kutumia 60 kwa mwaka 2002 na 65 kwa mwaka 2022. Watu wa miaka 60 hadi 64 watatoka kwenye utegemezi na kuingia kwenye nguvu kazi bila hata mmoja wao kufanya lolote, nawe utashangilia kushuka kwa uwiano ambako hakukutokea.

Chagua mpaka mmoja, uandike juu ya jedwali, uutumie kwa miaka yote. Mimi natumia 65 ninapotaka kulinganisha na nchi nyingine, na 60 ninapozungumza na kamati ya kata kuhusu wazee wa msamaha wa matibabu.

## Hatua ya 4: Kagua umri kabla ya kuuamini

Bibi aliyezaliwa Ukinga au Usafwa kabla ya uhuru mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa. Karani wa sensa akimuuliza umri, jibu linakuwa 60, 65, 70. Watu wengi hupenda namba inayoishia na sifuri au tano.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwenye hesabu yetu, kwa sababu mipaka yetu yenyewe ni 15 na 65. Aliye na 14 akitajwa kuwa na 15, ametoka utotoni na kuingia nguvu kazi. Aliye na 63 akitajwa 65, amekuwa mzee. Ukitumia mpaka wa 60 ni vilevile.

Kipimo kipo, na ni chepesi ukiwa na jedwali la mwaka mmoja mmoja:

1. Jumlisha watu wenye miaka 25, 30, 35, 40, 45, 50, 55 na 60.
2. Zidisha kwa 5.
3. Gawanya kwa watu wote wenye miaka 23 hadi 62.
4. Zidisha kwa 100.

Ukipata karibu na 100, watu wametaja umri wao bila kupendelea namba. Ukipata 500, wote wametaja namba zinazoishia na sifuri au tano. Ukikuta sensa moja ina 180 na nyingine ina 120, ubora wa umri umebadilika, na sehemu ya mabadiliko ya uwiano wako huenda ni mabadiliko ya ubora huo. Huna haja ya kuitupa kazi. Andika tu kwamba tofauti ndogo, ya pointi moja au mbili, haiwezi kuaminiwa.

Jambo jingine: sensa zetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Sensa ya 2012 ilikuwa Agosti 26, na ya 2022 Agosti 23. Daftari la kijiji lina watu wanaohesabika kuwa wakazi, hata yule ambaye ameshinda Dar es Salaam mwaka mzima na jina lake bado lipo. Ndiyo sababu nilisema usichanganye. Ukitumia sensa kwa mwaka mmoja na daftari kwa mwaka mwingine, vijana walioondoka watakuwepo upande mmoja na watakosekana upande wa pili.

## Hatua ya 5: Kokotoa namba tatu

Wengi hukokotoa moja. Kokotoa tatu:

- Utegemezi wa watoto: watu wa 0–14, gawanya kwa watu wa 15–64, zidisha kwa 100.
- Utegemezi wa wazee: watu wa 65 na zaidi, gawanya kwa watu wa 15–64, zidisha kwa 100.
- Utegemezi wa jumla: jumlisha hizo mbili.

Tuchukue kata ya kufundishia, yenye namba nilizotunga ili hesabu ionekane wazi.

Mwaka 2012: watoto 4,620, watu wa 15–64 ni 5,000, wazee 480.
Watoto: 4,620 ÷ 5,000 × 100 = 92.4. Wazee: 480 ÷ 5,000 × 100 = 9.6. Jumla: 102.

Mwaka 2022: watoto 4,440, watu wa 15–64 ni 5,550, wazee 666.
Watoto: 4,440 ÷ 5,550 × 100 = 80. Wazee: 666 ÷ 5,550 × 100 = 12. Jumla: 92.

Kosa la mara kwa mara hapa ni kugawanya kwa watu wote wa kata. Ukifanya hivyo unapata asilimia ya watoto na wazee katika jamii, kitu kingine kabisa. Dalili yake: uwiano wa jumla ukigawanya kwa watu wote hauwezi kamwe kufika 100. Ukigawanya kwa watu wa 15–64, unaweza kuupita, kama ulivyoupita mwaka 2012 katika mfano huu.

Sasa ziangalie tena zile namba. Wategemezi walikuwa 5,100 na sasa ni 5,106. Hawakupungua hata mmoja. Kilichoushusha uwiano ni watu wa 15–64 kuongezeka. Halafu ndani ya jumla inayoshuka, utegemezi wa wazee umepanda kutoka 9.6 hadi 12. Anayebeba namba moja ya jumla kwenda kwenye kikao ataiambia kamati kwamba mambo ni nafuu, huku zahanati inaongezewa wagonjwa wa presha na kisukari.

## Hatua ya 6: Gawa mabadiliko kwa miaka

Sensa zetu hazipishani sawa. Kati ya 1967 na 1978 ni miaka 11, kati ya 1978 na 1988 ni 10, na kati ya 1988 na 2002 ni 14. Ukiweka mabadiliko ya kila kipindi kando kwa kando, kipindi cha miaka 14 kitaonekana kilikuwa na mabadiliko makubwa kwa sababu tu kilikuwa kirefu. Gawanya tofauti kwa idadi ya miaka. Kata yetu ya mfano imeshuka pointi 10 kwa miaka 10, yaani pointi moja kwa mwaka.

## Hatua ya 7: Tafuta kilichosogeza namba

Uwiano huu unasogezwa na mambo matatu tu: kuzaliwa, kufa na kuhama. Kila sababu nyingine utakayotaka kuandika, iwe elimu, bei ya mahindi, barabara ya lami au ugonjwa, lazima ipitie kwenye mlango mmojawapo. Hadi ujue ni mlango upi, usiandike neno "kwa sababu".

### Je, ni uzazi?

Angalia makundi ya watoto peke yake. Katika kata yetu mwaka 2012 walikuwa 1,680 (miaka 0–4), 1,560 (miaka 5–9) na 1,380 (miaka 10–14). Mwaka 2022 ni 1,450, 1,520 na 1,470. Kundi la chini lilikuwa kubwa kuliko yote, sasa ni dogo kuliko yote.

Usikimbilie kuandika kwamba wanawake wanazaa kidogo. Huenda wanawake wenyewe wamehama. Gawanya watoto wa 0–4 kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49, zidisha kwa 1,000. Tuseme wanawake hao walikuwa 2,400 mwaka 2012 na 2,500 mwaka 2022. Unapata 700, kisha 580. Wanawake hawakupungua, watoto kwa kila wanawake 1,000 wamepungua. Sasa una haki ya kuutaja uzazi, ukikumbuka kwamba watoto wachanga husahaulika kwenye sensa kuliko watu wa umri mwingine.

Kitaifa mwelekeo ni huo huo. Tafiti za afya ya uzazi zinaonyesha mwanamke wa Tanzania alizaa kwa wastani watoto zaidi ya 6 mwanzoni mwa miaka ya 1990, watoto 5.2 kwa utafiti wa 2015–16, na 4.8 kwa utafiti wa 2022. Iringa na Njombe zina uzazi mdogo kuliko mikoa kama Katavi na Simiyu, kwa hiyo usishangae wilaya yako ikiwa mbele ya taifa katika kushuka.

### Je, ni vifo?

Vifo vinaweza kuupandisha uwiano kwa njia mbili, moja ya habari njema na nyingine ya habari mbaya, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa.

Vifo vya watoto vikipungua, uwiano hupanda kwanza. Watoto wengi zaidi wanabaki hai huku uzazi haujabadilika bado. Kitaifa vifo vya walio chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai (utafiti wa 2015–16) hadi 43 (utafiti wa 2022). Ukiona uwiano umepanda kwenye kata iliyopata zahanati na chanjo, huenda ni habari njema. Iandike hivyo.

Vifo vya watu wazima vikiongezeka, uwiano unapanda pia, na hiyo ni habari mbaya. Nyanda za Juu Kusini tunaijua. Utafiti wa VVU wa 2011–12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wa miaka 15 hadi 49 mkoani Njombe wana maambukizi, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Kabla dawa za kufubaza virusi hazijasambaa, UKIMWI ulichukua akina baba na akina mama wa miaka 25 hadi 45, hasa Makete na jirani zake. Walibaki bibi na wajukuu. Namba ya chini ya mgawanyo ilipungua, ya juu ikabaki palepale. Anayesoma kupanda kwa uwiano wa wakati ule kama ushahidi wa kuzaana sana anawakosea heshima marehemu na walezi wao.

### Je, ni kuhama?

Fuata rika moja. Aliyekuwa na miaka 10–14 mwaka 2012 alikuwa na miaka 20–24 mwaka 2022. Hakuna njia nyingine ya kuingia kwenye kundi hilo isipokuwa kuhamia, na hakuna njia ya kutoka isipokuwa kufa au kuhama. Katika kata yetu walikuwa 1,380. Tuseme jedwali la 2022 lina watu 830 wa miaka 20–24. Wamepungua 550, karibu wanne kati ya kila kumi. Vifo vya umri huo ni vichache, kwa hiyo wengi wa hao wameondoka.

Rudia kwa kila rika, wanaume mbali na wanawake mbali. Mara nyingi utaona vijana wa kiume wanatoka mapema na wengi, halafu pengo linapungua kidogo kwenye miaka ya 30, wengine wakirudi kulima viazi au kupanda miti.

Onyo: kufuata rika kwa makundi ya miaka mitano kunakubali vipindi vya miaka 10. Kati ya 1988 na 2002 ni miaka 14, kwa hiyo aliyekuwa na 20–24 alifika 34–38, kundi ambalo halipo kwenye jedwali la miaka mitano mitano. Hapo tumia jedwali la mwaka mmoja mmoja, la sivyo utalinganisha watu ambao si wale wale.

Ukishajua wameondoka au wamekuja, waulize wenyeji wapi na kwa nini. Kila wilaya ina yake: Makete na biashara za Dar es Salaam, Mufindi na mashamba ya chai na mbao, Chunya na dhahabu, Mbarali na mpunga wa skimu, Tunduma na mpaka wa Zambia. Mbarali pia iliondokewa na wafugaji waliohamishwa kutoka bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, kabla eneo hilo halijaingizwa kwenye Hifadhi ya Ruaha. Ukilinganisha 2002 na 2012 wilayani humo bila kulitaja hilo, maelezo yako yatapwaya.

Umefaulu hatua hii ikiwa unaweza kusema mlango upi umesogeza namba zaidi, ukataja hesabu inayokupa haki ya kusema hivyo.

## Hatua ya 8: Tazama nani yuko ndani ya miaka 15–64

Umri haukwambii nani anafanya kazi. Mwanafunzi wa chuo Iringa mjini au Mbeya ana miaka 21, yuko kwenye nguvu kazi kwa jedwali, na ada inalipwa na mama aliyeko Ludewa. Kambi ya JKT kama ya Mafinga, shule ya bweni, au mabanda ya wafanyakazi wa chai hujaza watu wa rika moja kwenye kata moja na kuuvuta uwiano wake chini. Upande wa pili, bibi wa miaka 70 huko Wanging'ombe analima heka yake na kulisha wajukuu wanne. Jedwali linamwita mtegemezi.

Usibadilishe kanuni kwa sababu hiyo. Ukibadilisha, kazi yako haitalingana na ya mtu yeyote. Acha uwiano wa umri ulivyo, kisha ongeza aya moja inayotaja taasisi zilizopo. Kwa kijiji kimoja au viwili, pita kwenye daftari na mwenyekiti wa kitongoji uhesabu wanaojitegemea na wanaotegemea, uweke namba hiyo pembeni kwa jina lake yenyewe.

## Hatua ya 9: Pima dhidi ya taifa na nje

Kitaifa uwiano ulikuwa karibu 92 kwenye sensa ya 2012, ukashuka chini ya 90 kwenye sensa ya 2022, na karibu wote ni watoto. Kata ikiwa na 105 au 60, una jambo la kueleza.

Ukilinganisha na nchi nyingine, tumia zile namba mbili za kwanza za hatua ya 5, ya watoto na ya wazee. Uwiano wa jumla wa Japani nao ni mkubwa, lakini huko wazee ndio wengi kuliko watoto. Kuiweka Tanzania na Japani kwenye mstari mmoja wa jumla ni kuchanganya madarasa na pensheni. Korea Kusini inafundisha zaidi: uwiano wake ulizidi 80 katikati ya miaka ya 1960, ukashuka chini ya 40 kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 uzazi uliposhuka, na sasa unapanda tena kwa sababu ya wazee. Nchi iliwekeza shuleni na viwandani wakati watu wa umri wa kazi ni wengi. Kushuka kwa uwiano kwenye karatasi hakuleti ajira, na kama waliojaa kwenye 15–64 hawana kazi, sema hivyo wazi kwenye ripoti yako.

## Hatua ya 10: Andika maelezo yanayoweza kukaguliwa

Jedwali liwe na mistari ya miaka na safu za: watoto, watu wa 15–64, wazee, utegemezi wa watoto, wa wazee, na wa jumla. Idadi halisi za watu lazima zionekane, ili msomaji akokotoe mwenyewe.

Chini ya jedwali weka aya kama hii:

"Kwa mipaka ya kata ya mwaka 2012, utegemezi wa jumla umeshuka kutoka 102 hadi 92. Wa watoto umeshuka kutoka 92.4 hadi 80, wa wazee umepanda kutoka 9.6 hadi 12. Watoto wa 0–4 kwa kila wanawake 1,000 wa miaka 15–49 wamepungua kutoka 700 hadi 580, jambo linaloashiria kushuka kwa uzazi. Rika lililokuwa na miaka 10–14 mwaka 2012 limepungua kwa watu 550 lilipofika miaka 20–24, hasa kwa kuhama."

Aya hiyo ikisomwa kwenye kikao cha maendeleo cha kata, diwani anaweza kuuliza maswali sahihi. Je, madarasa ya awali yatapata nafasi miaka michache ijayo? Nani atawapeleka wazee 666 hospitali? Waliohama wanatuma hela, na je, wanarudi?

Mwisho, tengeneza faili moja lenye majedwali ya asili kama ulivyoyapata, karatasi ya mipaka, mpaka wa umri uliochagua, na kipimo cha hatua ya 4. Nakala moja iwe kwa mtendaji wa kata na nyingine kwa afisa mipango wa halmashauri, maana watendaji huhamishwa, na atakayeshika kazi hii baada ya sensa ijayo ataanzia kwenye mipaka ile ile uliyofunga wewe.